Leza na Ngozi Nyeusi: Yapasayo Kuchunguzwa Kabla ya Kuchagua Kliniki

Katika miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, matibabu ya ngozi kwa mashine za leza si habari ya mbali tena. Zipo kliniki za madaktari bingwa zinazoyatoa, na zipo pia saluni zinazofanya kazi hiyo kando ya ususi na upakaji rangi wa kucha. Wanaoyataka ni watu wa kila namna: mwanamume mwenye vipele vya ndevu visivyokoma, msichana mwenye makovu ya chunusi, mama mwenye mabaka usoni, kijana anayejutia tatuu aliyochorwa akiwa shuleni. Karibu wote huanza kwa kuuliza bei. Swali lenye uzito zaidi, yaani ni nuru ya aina gani itakayoelekezwa kwenye ngozi yao, na ngozi hiyo itaipokea vipi, huachwa mikononi mwa mwenye mashine.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini swali hilo lapaswa kutangulia mengine yote, hasa kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Fizikia inayohitajika haizidi ile ya shule ya sekondari, na mwalimu akipenda aweza kuitumia darasani kama mfano wa ufyonzwaji wa nuru na wa uhusiano kati ya nishati, muda na nguvu.

Nuru ya namna yake

Neno leza limetokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukuza nuru kwa kuchochea utoaji wa mionzi. Msingi wa wazo hilo uliwekwa na Albert Einstein mwaka 1917, alipoonyesha kwamba atomu iliyosheheni nishati yaweza kuchochewa na nuru ipitayo, nayo ikatoa nuru nyingine inayofanana kabisa na ile iliyoichochea. Zaidi ya miaka 40 ilipita kabla ya wazo hilo kuwa chombo. Mnamo Mei 16, 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, akitumia kipande cha rubi. Nuru iliyotoka ilikuwa nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694.

Miaka michache tu baadaye Leon Goldman, daktari wa ngozi wa mjini Cincinnati, alikuwa amekwisha kuijaribu nuru hiyo juu ya ngozi ya binadamu. Akaona jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: palipokuwa na rangi nyeusi paliungua, na palipokuwa peupe pembeni yake pakasalimika. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish, wa Chuo Kikuu cha Harvard, walitoa maelezo kamili ya jambo hilo. Walisema kwamba nuru yaweza kuharibu kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha jirani zake, iwapo urefu wake wa wimbi unafyonzwa na kitu hicho kuliko jirani zake, iwapo pigo la nuru ni fupi kuliko muda ambao kitu hicho huchukua kupoa, na iwapo nishati inatosha. Takriban mashine zote za leza za ngozi zilizopo leo zimeundwa kwa kufuata kanuni hiyo.

Yafaa tufanye hesabu ndogo. Tuseme mashine ya kuondoa nywele inatoa pigo la jouli 20 kwa muda wa milisekunde 20. Jouli 20 ni nishati ndogo mno. Haitoshi kupandisha joto la gramu moja ya maji kwa nyuzi 5 za Selsiasi. Lakini gawanya jouli 20 kwa sekunde 0.02, utapata wati 1,000, yaani nguvu ya pasi ya umeme, iliyokusanywa katika duara lenye kipenyo cha milimita 10. Mashine za kufutia tatuu huenda mbali zaidi. Nusu jouli ikitolewa kwa nanosekunde 10 ni megawati 50, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa kituo cha umeme cha Hale katika mto Pangani, chenye megawati 21; tofauti ni kwamba Hale hufanya kazi mchana kutwa, na pigo hili limekwisha kabla mgonjwa hajajua kwamba limeanza.

Hapa pana hofu moja ambayo ni vema iondolewe. Watu wengi husikia neno "mionzi" wakafikiria eksirei na saratani. Nuru ya leza za kuondoa nywele haina nishati ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu kama zifanyavyo eksirei. Madhara yake hutokana na joto. Ni madhara ya moto, nayo yatosha kuogopwa kwa jina lake lenyewe.

Melanini haina macho

Rangi ya ngozi yetu hutokana hasa na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi. Idadi ya seli hizo haitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mtu mweupe. Kinachotofautiana ni vifuko vya melanini: kwa mtu mweusi ni vikubwa zaidi, ni vingi zaidi, na vimetawanyika hadi juu. Tabaka hilo lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, nalo hutukinga vizuri na jua.

Melanini hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika unywele. Leza ya kuondoa nywele hulenga melanini ya unywele na ya mzizi wake, milimita kadhaa ndani ya ngozi, ili joto lienee na kuharibu sehemu inayootesha. Lakini nuru haiwezi kufika kwenye mzizi bila kupita kwanza katika tabaka la juu. Wala haiwezi kutofautisha melanini ya unywele na melanini ya ngozi. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, njia iko wazi. Kwa mtu mweusi, nuru hukutana na kizuizi mlangoni, hufyonzwa hapo, na hapo ndipo moto unapowaka. Matokeo yake ni malengelenge, kisha mabaka meusi yanayoweza kudumu kwa miezi mingi, au mabaka meupe ambayo pengine hayaondoki; na kwa mwenye asili ya kuota makovu ya kuvimba, yaani keloidi, kovu laweza kuwa kubwa kuliko kasoro aliyokwenda kuiondoa.

Ufumbuzi umo katika urefu wa wimbi. Kadiri wimbi linavyorefuka, ndivyo melanini inavyofyonza kidogo, na ndivyo nuru inavyozama ndani zaidi. Leza ya rubi ni ya nanomita 694. Ya aleksandraiti ni ya nanomita 755. Ya dayodi huwa karibu na 810. Na ile iitwayo Nd:YAG ni ya 1,064. Kwa makadirio, melanini hufyonza nuru ya nanomita 694 takriban mara 4 kuliko ile ya 1,064. Ndiyo sababu madaktari wengi huichagua Nd:YAG kwa ngozi nyeusi, hasa kwa vipele vya ndevu, ambavyo husababishwa na unywele uliojikunja kurudi ndani ya ngozi. Hata hivyo mashine hiyo si kinga. Nishati ikizidi, pigo likiwa fupi mno, au ngozi isipopozwa, nayo huunguza kama nyinginezo.

Suala la kupoza ngozi lastahili maneno mawili. Tabaka la juu ni jembamba, hivyo hupoa upesi, kwa milisekunde chache. Mzizi wa nywele ni mnene zaidi, huchukua makumi ya milisekunde. Pigo likirefushwa, tabaka la juu hupata nafasi ya kupoteza joto lake huku mzizi ukiendelea kupata moto. Pamoja na hilo, mashine nzuri hupoza ngozi kwa kioo cha baridi kinachoigusa, au kwa hewa baridi, au kwa mpulizo wa kimiminiko kinachovukiza upesi. Anayekwenda kliniki anaweza kulishuhudia hili kwa macho na kulihisi kwa ngozi yake. Akiambiwa kwamba kupoza si lazima, aondoke.

Mashine isiyo leza

Katika matangazo mengi chombo kinachoitwa leza si leza. Ni taa yenye kumulika kwa mapigo makali, mfano wa taa ya kamera, ambayo hutoa mchanganyiko wa mawimbi kuanzia takriban nanomita 500 hadi 1,200, na huwekewa vichujio vya kuzuia baadhi yake. Taa hiyo ina matumizi yake halali. Lakini sehemu kubwa ya nuru yake ni ya mawimbi mafupi, yale ambayo melanini huyafyonza kwa pupa, na kwa ngozi nyeusi sana hatari yake ni kubwa. Hivyo swali la kwanza kwa kliniki ni hili: mashine yenu ni ya aina gani, na urefu wa wimbi lake ni nanomita ngapi? Mtoa huduma aliyefunzwa hujibu kwa nambari mara moja. Asemaye tu kwamba mashine ni "ya kisasa, kutoka Ulaya" hajajibu swali.

Swali la pili lahusu ngozi. Madaktari wengi hutumia vipimo vya Thomas Fitzpatrick, aliyevianzisha mwaka 1975, ambavyo huipanga ngozi katika aina 6 kwa kuangalia jinsi inavyoungua au kuiva juani. Yafaa ikumbukwe kwamba hapo mwanzo vipimo hivyo viliwalenga Wazungu waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi ya urujuanimno. Aina ya 5 na ya 6, ambamo wengi wetu tungeingizwa, ziliongezwa baadaye. Kwa hiyo si chombo kikamilifu, kwa maana watu wanaoitwa "aina ya 6" hutofautiana sana. Lakini kliniki ambayo haikuuliza chochote kuhusu ngozi yako kabla ya kuwasha mashine imekiuka hata hatua hiyo ndogo.

Tabibu makini huendelea kuuliza. Je, umewahi kuota kovu la kuvimba baada ya jeraha au kutoboa sikio? Unatumia dawa gani, hasa za chunusi au zile zinazoifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na jua? Una mimba? Umekuwa juani siku hizi? Unapaka krimu za kujichubua? Swali hili la mwisho huwatia watu haya, lakini jibu la kweli ni lazima. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki au haidrokwinoni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka mingi yaweza kuifanya ngozi iwe ya rangi ya buluu iliyokoza, kinyume kabisa na alichotafuta mtumiaji, na ngozi iliyokwisha kudhurika hivyo huitikia leza kwa namna isiyotabirika.

Huku mwambao lipo swali jingine ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa nadra. Bibi harusi hupambwa kwa hina na piko mikononi na miguuni, na katika siku hizo hizo za maandalizi huenda akataka kuondolewa nywele kwa leza. Piko ni rangi nyeusi iliyokaa juu kabisa ya ngozi. Nuru iliyokusudiwa kwenda kwenye mizizi hufyonzwa na piko, na mchoro wa ua waweza kugeuka kuwa mchoro wa jeraha. Yampasa amalize leza mapema kabla ya kupakwa, au angoje hadi rangi ifutike kabisa.

Jaribio dogo kabla ya kazi kubwa

Kliniki ya kuaminika haianzi na uso mzima. Huchagua sehemu ndogo isiyoonekana sana, hupiga mapigo machache, kisha humwambia mtu aende nyumbani. Kuungua huonekana ndani ya siku moja au mbili, lakini mabaka meusi huchelewa, na kwa ngozi nyeusi ni busara kungoja wiki kadhaa. Mfanyabiashara mwenye haraka hulichukia jaribio hili kwa sababu halimletei fedha siku ile.

Na kabla ya jaribio lazima pawe na utambuzi wa ugonjwa. Hili ndilo jambo ambalo mwandishi analiona kuwa zito kuliko yote. Doa jeusi si lazima liwe doa tu. Saratani ya seli za melanini ni adimu miongoni mwa watu weusi, lakini inapotokea mara nyingi huanzia kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya aina hiyo iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Anayefuta doa kwa leza bila kulichunguza aweza kuondoa rangi na kuiacha saratani ikiendelea kukua chini, na wakati huo ameondoa ile dalili ambayo ingempeleka mgonjwa hospitali kwa wakati. Doa linalokua, linalobadilika rangi au kutoka damu lapaswa kuonwa na daktari wa ngozi, naye akiona haja huchukua kinyama kwa uchunguzi wa maabara.

Ni nani basi mwenye sifa? Katika Tanzania Bara, madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo mwaka 2019. Kenya ina baraza lake la kusajili madaktari na kutoa leseni kwa vituo vya afya. Mteja ana haki ya kuuliza jina kamili la daktari na kuhakikisha kwamba limo katika daftari la baraza. Cheti cha mafunzo ya siku mbili kilichotolewa na muuzaji wa mashine, hata kikitiwa fremu ya dhahabu ukutani, hakilingani na usajili huo. Si lazima daktari ashike mashine kwa mkono wake. Muuguzi au afisa tabibu aliyefunzwa vizuri aweza kuifanya kazi hiyo. Lililo lazima ni kuwapo kwa daktari anayewajibika na anayepatikana ikitokea dharura. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, kwa hiyo si kweli kwamba ujuzi wa ngozi nyeusi lazima utafutwe ng'ambo.

Macho, milango na miwani

Chumba chenyewe huweza kusomwa kama kitabu. Leza za tiba ya ngozi kwa kawaida ni za daraja la 4, daraja la juu kabisa la hatari. Lenzi ya jicho hukusanya nuru ya nanomita 400 hadi 1,400 na kuielekeza kwenye retina, na kwa kufanya hivyo huongeza ukali wake takriban mara 100,000. Nuru ya Nd:YAG haionekani kwa macho, hivyo jicho halipati hata nafasi ya kufumba. Kwa sababu hiyo pawe na alama ya onyo mlangoni, mlango ufungwe, madirisha na vioo vya kujitazamia vifunikwe, na kila aliye chumbani avae miwani.

Hapa mwanafunzi aweza kuwa mkaguzi. Kila miwani halali imeandikwa urefu wa wimbi inaouzuia, pamoja na kipimo cha uzuiaji, ambacho kila kikipanda kwa 1 hupunguza nuru mara 10. Kipimo cha 5 basi huruhusu sehemu moja tu katika 100,000. Soma nambari kwenye miwani, kisha soma nambari kwenye mashine. Miwani ya nanomita 755 mbele ya mashine ya 1,064 ni pambo tu, na miwani ya jua ni mbaya zaidi, maana humpa mvaaji imani ya bure. Nyusi zisipigwe leza chini ya mfupa wa jicho. Kope ni nyembamba, nayo mboni ina melanini yake.

Angalia pia kama ngozi inasafishwa kwa spiriti na kupigwa kabla haijakauka, kwa kuwa spiriti hushika moto. Na nywele zinapoungua hutoa moshi unaopasa kufyonzwa kwa mashine, si kupepewa kwa gazeti.

Kuhusu ahadi, kliniki ya kweli husema "kupungua kwa nywele", wala haisemi kwamba hazitaota kamwe. Leza huathiri zaidi nywele zilizo katika kipindi cha kukua, na kwa wakati wowote ni sehemu tu ya nywele iliyo katika kipindi hicho. Ndiyo maana huhitajika ziara kadhaa, zikipishana kwa wiki kadhaa. Nywele nyeupe hazina melanini, hivyo hazisikii. Anayeahidi kumaliza kila kitu kwa ziara moja, au anayeongeza nishati kwa sababu mteja amelalamika kwamba hahisi maumivu, hajui kanuni za kazi yake.

Ngozi ikiungua, na ipozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala siagi, kisha mtu aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Akinge sehemu hiyo na jua kwa wiki nyingi. Na aende na karatasi yake. Kila ziara kliniki yapaswa kuandika tarehe, sehemu iliyotibiwa, aina ya mashine, urefu wa wimbi, jouli kwa kila sentimita ya mraba, muda wa pigo na kipenyo cha duara la nuru, na mgonjwa aombe nakala yake kabla ya kulipa. Daktari mwingine akiisoma karatasi hiyo atajua kilichotendeka. Bila karatasi ataona jeraha peke yake.